Vikombe vya Mtaa wa Sikukuu

Mwezi wa Januari jua la Dar es Salaam halina adabu. Hupiga utosini tangu saa tatu asubuhi, hukausha mate mdomoni, na pale Kariakoo huamsha vumbi la kila namna. Vumbi hilo hutoka kwenye nyumba za zamani zinazobomolewa na kwenye maghorofa yanayopanda mahali pake. Huchanganyika na moshi wa makarai ya chipsi na chumvi inayoletwa na upepo wa baharini, kisha hutua popote linapopata nafasi: juu ya marobota ya vitenge, juu ya mabati, juu ya nyusi za makuli. Wenye maduka hupangusa bidhaa zao na kunyunyiza maji mbele ya milango. Lakini hakuna anayeinua macho kutazama juu ya nguzo za umeme, ambako vumbi lile lile hukaa kimya miezi mizima bila kuguswa na kitambaa cha mtu.

Haruna Abdulkadiri alikuwa miongoni mwa watu wachache waliolipwa mshahara ili wainue macho. Alikuwa msimamizi wa laini katika kampuni ya mkandarasi iliyopewa kazi ya kutunza njia moja ya umeme wa msongo mkubwa. Njia hiyo ilitoka kituo cha kupozea umeme, ikapita kando ya karakana za Gerezani, ikaufuata Mtaa wa Sikukuu na kuishia karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja. Zilikuwa nguzo arobaini na mbili, na Haruna alizijua kama mtu anavyojua meno yake.

Mtaa wenyewe ndiko alikozaliwa. Marehemu baba yake alikuwa fundi saa, na karibu kila mfanyabiashara wa makamo alikuwa na saa iliyowahi kufunguliwa na mzee yule. Kwa hiyo Haruna alipopita mtaani na kofia yake ya kazi, alipita kama bwana harusi. "Mwanetu huyo!" walimwita. "Mwanetu, karibu kiti!" Naye alifurahi mpaka masikio. Ufundi aliujua, uvivu hakuwa nao, na mkono wake ulikuwa safi. Kasoro yake ilikuwa moja tu, ingawa ilitosha kugawiwa watu watatu: hakujua kumwambia mtu hapana.

Siku moja katika wiki ya kwanza ya mwaka, Haruna alikagua laini pamoja na fundi wake kiongozi, Fortunata, mama wa watoto watatu aliyepanda nguzo kwa miaka kumi na minane na kusema ukweli kwa muda mrefu zaidi. Walisimama kwenye kona ya mtaa, Fortunata akatazama juu kwa darubini, akaguna, akampa Haruna.

"Tazama mwenyewe. Hicho si kikombe tena. Ni kitumbua kilichoungua."

Kikombe cha umeme ni kigae kizito chenye mikunjo kama sketi. Kazi yake ni kuushika waya juu ya nguzo bila kuuruhusu umeme kuugusa mti. Kikiwa kisafi, umeme hauna njia. Kikichafuka kwa vumbi na chumvi, bado hakuna neno maadamu uchafu ni mkavu. Hatari ni siku ya manyunyu ya kwanza. Mvua kubwa huviosha vikombe, lakini manyunyu huvilowesha tu, na lile tope jembamba la chumvi huwa daraja. Umeme hupita juu yake kama mwizi aliyeachiwa ngazi ukutani.

"Saa sita zinatutosha," Fortunata alisema. "Tuzime Jumapili, tuoshe vyote, tubadilishe hivi kumi na kimoja vilivyopasuka, twende zetu nyumbani. Masika bado, nafasi tunayo."

"Kuzima laini yote?"

"Unajua namna nyingine?"

Haruna hakuijua. Laini ile ilisanifiwa zamani, Kariakoo ilipokuwa na nyumba za chini na taa za kuhesabika. Haikuwa na swichi ya kuikata katikati. Kuzima nguzo moja kulikuwa ni kuzizima zote arobaini na mbili, pamoja na kila duka lililonyonya umeme kwake.

Mkuu wao, Mhandisi Rachel, aliidhinisha kazi hiyo kwa simu kutoka ofisini kwake Upanga. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. "Safi. Osha. Laini hiyo ikilala kabla ya Idi, Haruna, usimamizi utauacha, utarudi stoo kuhesabu nati na bolti."

Matangazo yakabandikwa siku ya Alhamisi. Ijumaa mchana, kabla gundi haijakauka vizuri, ujumbe ulifika ofisini.

Uliongozwa na Bi Mwanamkuu, mwenye kiwanda cha ushonaji cha cherehani kumi na nne za umeme. Alikuwa mama wa mwili na heshima zake, mwenye machozi ya karibu. Watu walisema Bi Mwanamkuu angeweza kulia huku anakula embe.

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu," Haruna alisimama.

"Marahaba, baba. Lakini usiniamkie kwa furaha hali unataka kuniua."

"Mama, ni saa sita tu."

"Saa sita! Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nina sare mia mbili mezani hazina mikono. Watoto wa watu waende shule wamevaa nini, majani ya mgomba?" Sauti ikaanza kutetemeka. "Baba yako, Mungu amrehemu, alinitengenezea saa ya ukutani bure. Bure, Haruna! Akasema, 'Mwanamkuu, wewe ni dada yangu.' Leo mwanawe ndiye wa kunizimia taa?"

Machozi yakatiririka kama bomba lililosahauliwa. Wanawake watatu waliokuja naye wakaanza kumpangusa na wao wakapata ya kwao. Haruna alimtazama Fortunata aliyesimama mlangoni. Fortunata alitikisa kichwa mara moja tu.

"Basi, mama, basi," Haruna alisema. "Tutasogeza mpaka Februari."

Machozi ya Bi Mwanamkuu yalikauka kabla hayajafika kidevuni. Akamwombea Haruna dua ndefu ya umri, riziki na watoto mapacha, akaondoka na watu wake wakicheka ngazini.

"Dada Fortu, usinitazame hivyo," Haruna alisema walipobaki wawili.

"Sikutazami. Nawaza tu. Wanangu wote watatu walilia sindano ya chanjo. Wa mwisho alimng'ata muuguzi. Unadhani nilimwambia yule muuguzi aisogeze mpaka mtoto atakapokuwa na furaha?"

"Hawa si watoto."

"Kweli. Watoto hulia kidogo."

Februari ilikuja na joto la kuyeyusha lami. Matangazo yakabandikwa tena, na safari hii mbele alikuwa Severine, Mchaga wa Kibosho aliyeuza kuku wa kugandishwa kwa jumla. Severine hakuwa mtu wa kulia. Kulia aliwaachia wengine, akawaleta, Bi Mwanamkuu akiwa mstari wa mbele. Yeye mwenyewe alikuja na hoja.

"Kaka Haruna, kuku hasomi tangazo," alisema. "Ukizima, anayeyuka. Wiki ijayo mfungo unaingia, watu wako kwenye vunja jungu. Unataka wavunje jungu kwa mchicha?"

"Friza lisipofunguliwa linashika baridi siku nzima," Fortunata aliingilia.

"Na mteja nimuuzie kwa tundu la ufunguo, dada?"

Watu wakacheka. Bi Mwanamkuu hakucheka. Alikuwa ameanza. Alilia kwa ajili ya kuku wa Severine kana kwamba aliwanyonyesha mwenyewe. Akalia kwa ajili ya kanzu na madera ya Idi, ambayo oda zake zilikuwa zimeanza kuingia. Akamalizia kwa saa ya ukutani.

Haruna alijaribu. Kwa kweli alijaribu. Alifungua kinywa kusema vikombe ni vichafu na mvua iko njiani, lakini akaona nyuso zile zote alizokua nazo, akaona namna watakavyomgeuzia mgongo kesho atakapopita mtaani.

"Baada ya Idi," alisema. "Tutaosha baada ya Idi."

Vigelegele vilipigwa mpaka watu wa ofisi ya jirani wakadhani kuna posa. Jioni ile sinia la halua liliingia ofisini, na Haruna alipokata njia kwenda nyumbani, sauti za "Mwanetu!" zilimsindikiza tangu mwanzo wa mtaa hadi mwisho.

Fortunata hakuigusa halua. Alifungua daftari la ukaguzi, na katika mstari wa kazi za mwezi akaandika kwa herufi kubwa: *Vikombe havijaoshwa. Sababu: wamelia.*

"Dada Fortu, futa hiyo. Mhandisi Rachel huisoma."

"Kalamu yangu haina kifutio. Tena nikuulize, manyunyu ya mwezi wa tatu nayo yalileta ujumbe? Yamekubali kusubiri Idi?"

Mhandisi Rachel alipopiga simu kuuliza kama vikombe vimeoshwa, Haruna alimjibu, "Tuko mbioni." Hilo ni jibu linalopendwa na watu waliosimama.

Mwaka huo Ramadhani na Kwaresma ziliingia wiki moja, kwa hiyo Haruna na Fortunata walikuwa wote na midomo mikavu mchana, na maneno kati yao yalipungua. Siku kumi zikapita salama. Zikapita ishirini. Haruna akaanza kuamini kwamba manyunyu nayo yalikuwa watu wa Kariakoo na yanamjua.

Siku ya Jumanne, Idi ikiwa siku kumi mbele, Mtaa wa Sikukuu ulijaa watu hadi ukingo. Ilipata saa nne asubuhi. Haruna alikuwa akipita katikati ya meza za viatu vya watoto aliposikia tone moja likidondoka juu ya kofia yake. Kisha la pili. Wingu jembamba, la rangi ya maji ya mchele, lilikuwa limetanda juu ya maghorofa na kuanza kunyunyiza taratibu, kama mtu anayelowesha nguo kabla ya kuipiga pasi.

"Rehema hiyo!" watu walishangilia. "Ah, afadhali!" Wengine walinyoosha viganja vyao, wengine walifungua vifua vya mashati.

Haruna peke yake hakushangilia. Alisikia juu yake mlio mdogo, *tss, tss*, kama mafuta ya moto yanayodondoshewa maji. Akainua macho. Kwenye nguzo iliyo mbele ya kiwanda cha Bi Mwanamkuu, mwanga wa zambarau ulikuwa unatambaa juu ya kikombe. Ulikimbia kutoka mkunjo hadi mkunjo, ukaugusa mti, na mti ukaanza kufuka moshi.

"Tokeni chini ya nguzo!" alipiga kelele kwa sauti ambayo hakujua kama anayo. "Tokeni! Tokeni wote!"

Kariakoo hukimbia kwanza, huuliza baadaye. Watu walipasuka pande mbili kama maji yaliyopigwa kasia. Mara kikombe kikalipuka kwa kishindo cha kutikisa madirisha, vigae vikaruka, kichwa cha nguzo kikashika moto, na waya mmoja ukaanguka juu ya paa la kibanda kilichofungwa. Mitambo ya kituoni ikakata umeme yenyewe papo hapo. Feni zikasimama. Redio zikanyamaza. Cherehani kumi na nne zikakata pumzi kwa pamoja.

Mungu bariki, hakuna aliyejeruhiwa, isipokuwa muuza mapapai aliyeanguka akakalia bidhaa yake mwenyewe, na jeraha lake lilikuwa la heshima tu.

Fortunata na mafundi wake walifika na lori wakiwa wameshavaa mikanda. Walikagua laini yote tangu Gerezani. Nguzo mbili zilikuwa zimeungua vichwa, vikombe vingine tisa vimepasuka, waya umekatika mahali patatu.

"Siku mbili," Fortunata alisema. "Mchana na usiku."

Haruna aligeuka na kukuta umati umemzunguka. Mbele, mikono kiunoni, alisimama Bi Mwanamkuu. Leo hakuwa na chozi hata moja.

"Haruna, hii nini?"

"Vikombe, mama. Vilikuwa vichafu."

"Vichafu! Na kwa nini hukuviosha?"

Haruna alidhani hakusikia vizuri. "Mama... si ninyi mliokuja? Mara mbili? Mkasema nisizime?"

"Sisi ni washona nguo!" Bi Mwanamkuu alifoka. "Sisi ni wauza kuku! Tunajua nini habari za vikombe? Mgonjwa akimwambia daktari asimchome sindano, daktari anaiweka mfukoni? Fundi ni nani hapa, mimi au wewe?"

"Sema, mama!" umati uliitikia.

"Mtu analipwa kuosha vikombe, haviwezi!" mwingine alidakia kutoka nyuma. "Angekuwa wa nyumbani kwangu hata vya chai nisingempa."

Watu wakacheka kicheko kisicho na huruma. Haruna alitafuta katika umati ule uso mmoja wa kumwita "mwanetu", asiupate. Severine alikuwa dukani kwake akiinamia mafriza, amempa mgongo. Kisha simu ikalia. Ilikuwa ni Mhandisi Rachel.

"Nimesoma daftari," alisema. "'Sababu: wamelia.' Nina swali moja tu. Leo nani analia?"

Haruna alipanda ndani ya lori, akafunga mlango na kuinamia usukani. Machozi yalimtoka, ya mtu mzima, yenye kishindo. Baada ya muda Fortunata alifungua mlango wa upande wa pili.

"Moshi?" aliuliza.

"Moshi," Haruna alijibu akijifuta.

"Moto tulishauzima zamani." Alimtupia glavu mapajani. "Haya, lia umalize, kisha vaa hizo. Kuna nguzo mbili za kusimamisha."

Walifanya kazi kama siafu. Mtaa nao, ambao haujawahi kukaa na huzuni kwa zaidi ya saa moja, ulitafuta namna. Severine alipoona kuku wake wanaanza kutoa jasho, aliazima makarai ya chipsi ya jirani zake na kukaanga mzigo uliokuwa hatarini. Magharibi ilipoingia, futari ya Mtaa wa Sikukuu ilikuwa kuku kwa kila mpita njia, Mwislamu na Mkristo, kuli na tajiri. "Kuleni, kuleni," Severine alihimiza kwa uso wa mtu anayezika. "Leo mimi ndiye vunja jungu mwenyewe." Bi Mwanamkuu naye aliteremsha kutoka darini cherehani nne za miguu za enzi za mama yake, akawakamata makuli wanne wenye mapaja mazuri na kuwakalisha kwenye pedali. Mmoja aliuliza kama atafika Morogoro kwa mwendo ule. "Kanyaga!" Bi Mwanamkuu alimjibu. "Ukifika Chalinze nipigie simu."

Alhamisi saa nne asubuhi nguzo mpya zilikuwa wima na waya umeungwa. Fortunata alishuka kwa kapu la lori la kunyanyulia mafundi. Habari ilipita mtaani kama upepo, watu wakajaa tena, na safari hii walikuwa wanapiga makofi.

"Washa! Washa! Washa!"

Haruna alitazama juu. Nguzo mbili ziling'aa kwa vikombe vipya, virefu zaidi, vyenye mikunjo mingi zaidi, vya aina inayofaa sehemu zenye chumvi ya bahari. Lakini zilizobaki zilikuwa na vikombe vyao vya zamani, vyeusi kama masufuria ya kuni. Upande wa bahari kulikuwa na mawingu membamba. Na ndani ya lori kulikuwa na swichi ya kukatia laini katikati, ambayo alikuwa ameiomba stoo usiku wa kuamkia siku hiyo bila kumwambia mtu.

"Dada Fortu," alisema taratibu, "ili tuvioshe vyote na kuifunga hii swichi, unahitaji muda gani?"

Fortunata alimkazia macho. "Saa sita. Ni zile zile za Januari."

Haruna alipanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu zangu! Siwashi."

Makofi yalikatika kama yamekatwa kwa kisu.

"Waya umeshaungwa, lakini vikombe vingine vyote ni vichafu. Nikiwasha sasa, manyunyu yakija yatatulaza tena, pengine siku mbili kabla ya Idi, pengine siku yenyewe. Nahitaji saa sita. Nitaosha vyote, na nitafunga swichi, ili siku nyingine tukizima upande wa Gerezani, upande wa Mnazi Mmoja uendelee kuwaka."

Kelele zilizozuka hazisimuliki. Waliitaja kofia yake, waliutaja ukoo wake, mmoja alimshauri akauze karanga. Bi Mwanamkuu alijipenyeza mpaka mbele ya kreti, na sasa alikuwa analia kweli, machozi ya uchovu ya mtu ambaye hajalala siku mbili.

"Haruna, mwanangu. Nina madera tisini. Makuli wangu wamevimba miguu. Nakuomba. Kwa haki ya baba yako."

Moyo wa Haruna ulipinda kama waya kwenye jua. Alishuka, akakishika kiganja chake.

"Mama, nimekusikia. Lia ukipenda, nami nitakuonea uchungu. Lakini siwashi."

Simu ilikuwa inaita tena.

"Haruna," Mhandisi Rachel alisema, "nimepigiwa na watu kumi na wawili. Wanasema laini ni nzima na umegoma."

"Si nzima, Mhandisi. Imesimama tu. Nipe saa sita."

"Na ukishindwa?"

"Stoo naijua njia."

"Saa kumi jioni," alisema. "Saa kumi na dakika moja ikinikuta mtaa hauna umeme, usipite hata ofisini."

Walipima kuhakikisha laini haina umeme, wakaiunganisha na ardhi kwa usalama, kisha wakaenea. Haruna mwenyewe alifunga mkanda, akapanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka minne. Saumu ilimkausha koo, jua lilimpiga mgongoni, lakini aliosha kikombe baada ya kikombe kwa maji safi na kitambaa, akikifuta kila mkunjo kama mama anayefuta masikio ya mtoto mtukutu. Vilivyopasuka aliving'oa. Chini, Severine alileta kiti, akakaa mbele ya duka lake na saa ya mkononi, akawa mtangazaji wa mtaa.

"Saa saba na robo! Msimamizi yuko nguzo ya ishirini, anaendelea vizuri, ila suruali yake imechanika!"

"Wapi?" wanawake waliuliza.

"Mahali pa siri!"

Hata Haruna alicheka huko juu. Na kitu cha ajabu kikatokea: kadiri saa zilivyokwenda, matusi yalipungua. Watu wakaanza kutazama. Waliona maji meusi kama wino yakichuruzika kutoka kwenye kila kikombe, yakiacha madoa juu ya lami. "Kumbe ndiyo tuliyokuwa tunayalilia yabaki," mzee mmoja alinong'ona. Makuli wakaanza kubeba ndoo za maji safi bila kuambiwa.

Swichi ilifungwa saa tisa na nusu. Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili kabla ya saa kumi, Fortunata alitoa ishara, kituo kikaruhusu, na Mtaa wa Sikukuu ukafufuka kwa mngurumo mmoja wa feni, redio na cherehani. Makuli wanne waliruka kutoka kwenye pedali na kukumbatiana kama walioachiwa huru.

Jumamosi saa tano asubuhi, mtaa ukiwa umefurika, wingu la rangi ya maji ya mchele lilirudi. Manyunyu yakaanza, membamba, ya taratibu, yale yale. Lakini safari hii hakuna aliyeshangilia. Mtaa mzima ulisimama. Wauza viatu, washonaji, makuli na mizigo vichwani, wote waliinua macho kutazama juu ya nguzo. Haruna alisimama katikati yao, mikono nyuma, roho mkononi.

Matone yalitua juu ya vikombe, yakakusanyika, yakateleza kutoka mkunjo hadi mkunjo, yakadondoka chini, maangavu kama kioo. Hakukuwa na mlio. Hakukuwa na mwanga. Dakika kumi. Ishirini. Feni zilizunguka tu.

Bi Mwanamkuu alikuja na dera begani, uzi bado umening'inia, akasimama kando ya Haruna.

"Mbona kimya?"

"Ndivyo inavyotakiwa, mama."

"Hm." Alitafakari. "Basi safari nyingine nikija kulia ofisini kwako, usinisikilize. Nipe kiti na maji, nikimaliza nitaondoka mwenyewe."

"Nitakupa na soda."

"Baada ya futari," alisema Bi Mwanamkuu, akarudi kwenye cherehani zake.

Mhandisi Rachel alituma ujumbe mfupi: onyo la maandishi lingemfikia Jumatatu, na kazi yake ya usimamizi ilikuwa palepale. Fortunata naye alifungua daftari la ukaguzi na kuandika: *Vikombe vimeoshwa vyote. Wamelia, tukaosha.* Haruna alisoma, akatia saini bila kuomba neno lifutwe.

Miezi miwili aliwaonea watu huruma ya saa sita, akavuna msiba wa siku mbili, na waliolia mbele yake ndio waliomgeuka na kumwachia kilio chake peke yake ndani ya lori. Wahenga walilipima jambo hili kabla ya nguzo na nyaya kufika Kariakoo, na kipimo chao hakijapotoka: mchelea mwana kulia, hulia yeye.